Uso Uliovunjika na Njia za Kuufikia Mfupa

Mhadhara kwa wakazi wa Kata ya Qurus, wilayani Karatu

   

Kazi yangu ni upasuaji wa kinywa, taya na uso. Nimeombwa nieleze jinsi uso uliovunjika unavyotengenezwa: tunapasua wapi, kwa nini pale na si pengine, na lini hatupasui kabisa. Nitalieleza hilo. Lakini nimekuja pia kutetea jambo moja, nanyi mtalisikia zaidi ya mara moja kabla sijakaa. Uso uliovunjika hutengenezeka, mara nyingi bila kovu la kuonekana, mradi mtu wa kwanza kumpokea majeruhi amemwambia aume meno, na mradi majeruhi huyo amefika kwenye meza ya upasuaji ndani ya wiki mbili. Wengi ninaowaona wakitoka vijijini huja baada ya miezi. Mfupa umeshika, lakini umeshika vibaya. Meno hayakutani, shavu limebonyea, jicho limezama. Kazi ambayo ingekuwa ya saa moja imekuwa ya siku nzima, kwa sababu inabidi tuuvunje upya mfupa ambao mwili umekwisha kuuunga.

Kwanza: uso hauvunjiki ovyo

Mwaka 1901 daktari mmoja wa Lille, Ufaransa, kwa jina René Le Fort, alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya juu ya vichwa vya maiti 35. Alivigonga kwa nguvu kutoka pande mbalimbali, kisha akaondoa nyama ili aione mifupa. Nyufa alizozikuta zilikuwa na mpangilio. Sehemu ya katikati ya uso ilikatika kwa kufuata mistari mitatu. Mstari wa chini hupita juu ya mizizi ya meno, na taya la juu likabaki linacheza pamoja na kaakaa. Wa pili hupanda hadi kwenye mzizi wa pua, ukapita chini ya macho. Wa tatu hukata ndani ya vikombe vya macho na kuutenga uso mzima na fuvu. Hadi leo mpasuaji wa Moshi na wa Dar es Salaam huitaja mivunjiko hiyo kwa jina la Le Fort na namba yake.

Sababu ya mpangilio huo ni kwamba uso wa kati umejengwa kama nyumba yetu ya miti na udongo: nguzo chache ngumu, na katikati yake kuta nyembamba. Nguzo moja inapanda kando ya pua, nyingine inapita kwenye kitefute, yaani mfupa wa shavu, na nyingine iko nyuma ya magego. Kuta ni mifupa ya milimita moja au chini yake, na nyuma yake mna hewa tu. Mpasuaji hahangaiki kuunga kila kipande cha ukuta. Huzitafuta nguzo, akazirudisha kwenye urefu wake, akazifunga hapo.

Taya la chini lina tabia yake. Limeshikana na fuvu pande zote mbili, mbele kidogo ya masikio, kwa hiyo pigo la upande mmoja mara nyingi huvunja na upande wa pili. Hapa naomba wauguzi wanisikilize kwa makini. Kijana wa bodaboda amerushwa mbele ya pikipiki, ameangukia kidevu. Anafika amechanika chini ya kidevu na damu nyingi. Anasafishwa, anashonwa nyuzi tano, anapewa dawa za maumivu, anarudi nyumbani. Kidonda kinapona vizuri. Baada ya wiki tatu anagundua kwamba magego yanagusana lakini meno ya mbele hayafungi, hawezi kukata hata kipande cha muwa. Nguvu iliyokichana kidevu ilipanda kwenye taya ikaenda kuzivunja shingo zake mbili, moja mbele ya kila sikio, mahali ambapo hapakuwa na kidonda wala tone la damu. Aliyemshona alifanya kazi safi. Hakumwambia aume, basi.

Kwa hiyo kila aliyeumia uso aulizwe swali moja: meno yako yanakutana kama yalivyokuwa jana? Mtu anajua jinsi meno yake yanavyokutana kuliko picha yoyote inavyoweza kueleza. Akisema hapana, chukulieni kwamba amevunjika mpaka ithibitike vinginevyo. Kuna na kipimo kisichohitaji umeme. Kile kijiti bapa cha mbao cha kukandamizia ulimi, mpe akiume kwa magego upande mmoja, kisha wewe kizungushe kana kwamba unataka kukivunja. Mwenye taya zima hukibana hadi kikavunjika. Mwenye taya lililovunjika huachia kwa maumivu. Fanya na upande wa pili. Halafu tazama chini ya ulimi: damu iliyovilia pale ni dalili kubwa. Mguse mdomo wa chini. Ukiwa na ganzi, mfupa umekatika mahali neva inapopita. Ganzi ikiwa shavuni na kwenye mdomo wa juu, fikiria kitefute na sakafu ya jicho.

Mtoto ana hatari yake ambayo watu wazima hawana sana. Mfupa wake bado ni laini. Sakafu ya jicho hufunguka kwa pigo kisha ikajifunga ghafla na kuubana msuli unaolisogeza jicho. Kwa nje jicho ni jeupe, halikuvimba, halina alama. Lakini mtoto hawezi kulipandisha juu, anatapika, mapigo ya moyo yanashuka, na watu wanadhani ni malaria au ameumia kichwa tu. Huyo hangoji wiki mbili. Afanyiwe upasuaji ndani ya siku moja au mbili, la sivyo msuli unakufa na ataona vitu viwili viwili maisha yake yote. Walimu, mpira wa shule au kiwiko cha mwenzake kinatosha kufanya hayo.

Niruhusuni niende kidogo hadi Oldupai, kwa kuwa ni majirani zetu. Tarehe 17 Julai 1959, mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliona pale meno mawili makubwa ya taya la juu yakitokeza kwenye udongo. Likapatikana fuvu lote la juu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, limevunjikavunjika vipande mamia, vikaunganishwa kimoja kimoja, na leo fuvu hilo linatunzwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Taya lake la chini halikupatikana. Mwaka 1964 Kamoya Kimeu, mtafuta visukuku, aliokota Peninj, karibu na Ziwa Natron, taya la chini la kiumbe wa jamii hiyohiyo, na hapo ndipo watu walipoweza kuona namna meno ya aina ile yalivyokutana. Nalitaja hilo kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kila wiki. Taya la juu lililolegea halikuambii lenyewe linapaswa kukaa wapi. Mwenzake wa chini ndiye anayekuambia. Aliyevunjika juu na chini mimi huanza na taya la chini, nikalirudisha likawa zima, nikayafunga meno ya juu na ya chini yakutane, ndipo ninapopanda kwenye kitefute na pua.

Pili: kufunga bila kupasua ni tiba kamili

Kuna dhana kwamba hospitali inayofunga meno kwa waya imekosa vifaa, na kwamba tiba ya kweli ni ya vyuma. Siikubali. Katika maandishi ya kitabibu ya Misri ya kale, yale ya mafunjo ya Edwin Smith yenye umri wa takribani miaka 3,600, aliyevunjika taya vibaya alihesabiwa kuwa hatibiki. Karne nyingi baadaye wanafunzi wa Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, walifundisha kuyafunga meno ya pande mbili za ufa kwa uzi au waya wa dhahabu, yashikane hadi mfupa uunge. Wazo hilo bado ni sahihi. Meno yamepandwa ndani ya mfupa. Ukiyarudisha yakutane sawasawa, mfupa unafuata.

Leo tunatumia fimbo nyembamba ya chuma yenye vindoana, inayofuata upinde wa meno ya juu, na nyingine ya chini. Kila jino linafungwa kwenye fimbo hiyo kwa waya wa unene wa takribani nusu milimita. Waya unapita upande mmoja wa shingo ya jino, unarudi upande wa pili, unasokotwa kufuata mwelekeo wa saa, unakatwa, na ncha inakunjwa isichome mdomo. Mwelekeo lazima uwe uleule kwa kila jino, ili atakayekuja kukaza wiki ijayo asije akafungua akidhani anakaza. Kisha fimbo ya juu na ya chini zinafungwa pamoja. Kazi hiyo inafanyika kwa sindano ya ganzi, mgonjwa akiwa macho. Mtu mzima hukaa hivyo wiki nne hadi sita, mtoto mbili au tatu.

Si raha. Anakula kwa mrija: uji uliochujwa, maziwa, mchuzi wa maharage uliosagwa, mtindi. Anapungua uzito. Lazima apige mswaki kila baada ya kula, kwa sababu chakula kikikaa kwenye waya fizi zitaoza. Na lazima atembee na mkasi wa kukatia waya, na mtu wa nyumbani aonyeshwe waya za kukata, kwani akitapika akiwa amefungwa anaweza kupaliwa akafa. Kwa sababu hiyo hatumfungi mwenye kifafa, wala mlevi ambaye hajaacha, wala mwenye matatizo ya kupumua. Na asiye na meno hatuna pa kumfungia.

Mtoto aliyevunjika shingo ya taya tunamfunga kwa siku chache au hatumfungi kabisa, kisha tunamfanyisha mazoezi ya kufungua mdomo. Mama zangu, hapo ndipo penye msiba mkubwa kuliko yote niliyoyataja. Mtoto aliyeanguka kutoka mtini, au aliyepigwa teke na punda akiwa amesimama nyuma yake wakati wa kuteka maji, asipofanya mazoezi hayo, kiungo cha taya kinaweza kuganda kikawa mfupa mmoja na fuvu. Mdomo haufunguki tena. Taya linaacha kukua, kidevu kinarudi nyuma, meno yanaoza kwa kuwa mswaki haupiti, na usiku anakoroma kwa kukosa hewa. Nimewahi kumpokea binti aliyekuwa akila kwa kusukuma chakula kwenye pengo la jino. Alianguka akiwa na miaka minne. Mazoezi ya dakika chache kila siku, kwa miezi michache, yangetosha kumwepusha na hayo yote.

Tatu: mahali pa kupasua

Sasa tuje kwenye kisu. Mfupa ukiwa umehama mbali, ukiwa vipande vingi, au usipokubali kurudi kwa kufunga, inabidi tuuone kwa macho. Uso si paja. Mpasuaji wa paja hufuata njia fupi kuufikia mfupa. Usoni njia fupi inaweza kukata neva ya uso, na mtu akabaki na mfupa mzima na tabasamu la upande mmoja. Kila njia nitakayoitaja ni mapatano kati ya mambo matatu: kuuona mfupa vya kutosha, kuiacha neva salama, na kulificha kovu.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya ndani ya mdomo. Tunapasua kwenye nyama laini inayoungana na shavu, milimita kadhaa kutoka kwenye ufizi, ili ibaki nyama ya kutosha ya kushonea. Kwa taya la chini tunachunga neva inayotokeza mfupani chini ya mizizi ya magego madogo, ambayo ndiyo inayoupa mdomo wa chini hisia. Kwa taya la juu njia hiyohiyo inatufikisha kwenye nguzo ya pua na nguzo ya kitefute, na kwa nje hakuna hata mkwaruzo. Zamani vyuma vilikuwa vizito na vilihitaji mkato mrefu shingoni. Katika miaka ya 1970 Maxime Champy na wenzake wa Strasbourg walionyesha kwamba vibamba vidogo vinatosha, vikipigwa skrubu fupi kwenye ganda la nje la mfupa tu, mradi viwekwe kwenye mstari ambao misuli inajaribu kuupanua. Nyuma ya ile neva ya mdomo kibamba kimoja kinatosha. Mbele, kwenye kidevu, vinahitajika viwili, kwa sababu pale mfupa pia unajipinda kwa kuzunguka. Vingi siku hizi ni vya titani, na visipoleta usumbufu hukaa humo maisha yote.

Mdomoni kuna vijidudu vingi, na watu huniuliza kama si hatari kupasua pale. Damu ya mdomoni ni nyingi pia, na kidonda cha mdomoni hupona upesi. Anayevuta sigara ndiye anayenipa wasiwasi.

Ngozi zetu zinaongeza sababu nyingine. Waafrika wengi tuna mwelekeo wa kuota makovu yaliyovimba na kutanuka kuliko kidonda chenyewe. Vitabu vingi vya upasuaji wa uso viliandikwa Ulaya na Marekani, na husema kovu lililofuata mkunjo wa ngozi litafifia. Sichukulii hivyo kwa mgonjwa wangu hadi nimetazama masikio yake yaliyotobolewa na kifua chake. Nikiona kovu lililovimba, napita mdomoni hata kama kazi itakuwa ngumu zaidi.

Mara nyingine lazima tupite nje. Taya lililosagika vipande vingi, au lililooza kwa kucheleweshwa, hutaka mkato chini ya taya. Naomba kila mmoja aweke kidole kwenye ukingo wa chini wa taya lake, aume meno kwa nguvu, ausikie msuli ukikaza, kisha asogeze kidole mbele kidogo ya msuli huo. Mnasikia mapigo? Huo ni mshipa wa damu wa uso unapoupita mfupa. Karibu nao linapita tawi dogo la neva ya uso linaloshusha kona ya mdomo. Kwa baadhi ya watu tawi hilo linashuka chini ya ukingo wa taya karibu sentimita moja. Ndiyo sababu tunapasua takribani sentimita 2 chini ya ukingo, tunashuka moja kwa moja hadi tabaka lililo salama, ndipo tunapanda kwenye mfupa tukiwa chini ya neva.

Shingo ya taya tunaifikia mbele ya sikio au nyuma ya taya, tukipenya kando ya tezi ya mate. Ni sehemu ya kutembea polepole. Mwaka 1979 watafiti Al-Kayat na Bramley walipima na kuonyesha kwamba tawi la neva linaloinua nyusi linaweza kupita popote kati ya milimita 8 na 35 mbele ya tundu la sikio. Anayefanya kazi hapo bila kukumbuka vipimo hivyo anahatarisha paji la uso la mgonjwa.

Kitefute kilichobonyea kina njia mbili za zamani ambazo hazijapitwa. Mwaka 1909 William Keen, mpasuaji wa Philadelphia, alieleza jinsi ya kukiinua kupitia ndani ya mdomo, juu ya magego. Mwaka 1927 Harold Gillies, aliyepata umaarufu kwa kutengeneza nyuso za askari wa Vita Kuu ya Kwanza, alieleza na wenzake njia ya kwenye nywele. Mkato wa sentimita mbili na nusu unafanywa kwenye panja, ndani ya nywele. Tunapita utando mgumu unaofunika msuli, tunaingiza chuma bapa kati ya utando na msuli, kinateleza chenyewe hadi chini ya mfupa. Kisha tunainua, bila kuegemea fuvu. Mara nyingi mfupa unarudi kwa mlio ambao kila mtu chumbani anausikia. Ukikaa imara tunashona, tumemaliza. Usipokaa, tunaufungua na kuupiga vibamba.

Sakafu ya jicho ina njia ya chini ya kope na njia ya ndani ya kope. Ile ya nje inaonyesha mfupa vizuri, lakini kope ikivutwa na kovu inaweza kujikunjua nje, jicho likakauka. Ya ndani haina kovu la kuonekana, nami huianza kila inapowezekana. Pengo la sakafu tunaliziba kwa wavu wa titani, au kwa mfupa uliochukuliwa kwenye fuvu au nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Aliyevunjika kitefute au sakafu ya jicho asipenge kamasi kwa wiki kadhaa. Akipenga, hewa itaingia kuzunguka jicho, pamoja na uchafu wa pua.

Uso uliotengana na fuvu, au paji lililobonyea, hutaka njia pana kuliko zote: mkato wa kichwani kutoka sikio hadi sikio, ngozi ya paji ikashushwa na mifupa yote ya juu ya uso ikaonekana. Vitabu vinasema kovu linajificha kwenye nywele. Hapa kwetu natazama kwanza nywele zenyewe ziko wapi. Mwanafunzi hunyolewa. Mama wa Kimaasai hunyoa. Mzee amepata upara. Kovu litakuwa juu ya kichwa chake kila siku, na ana haki ya kulijua kabla ya kusaini karatasi ya kukubali upasuaji. Nikiweza kufika kwa mikato midogo miwili mitatu kwenye nyusi, ndani ya kope na mdomoni, nafanya hivyo. Nisipoweza, napasua kichwani kwa mstari wa kupindapinda, ambao hauonekani sana kama ulionyooka.

Na mara nyingi barabara imekwisha kupasua kabla yangu. Aliyechanika shavu hadi mfupani ameniachia mlango, sina sababu ya kufungua mwingine. Lakini kidonda hicho kioshwe kwa maji safi mengi na kusuguliwa vumbi letu lote litoke, kwa sababu vumbi likibaki chini ya ngozi litaacha rangi isiyofutika. Na tafadhali, nyusi zisinyolewe. Ndizo alama yetu ya kupangia kingo za kidonda, na zinaweza zisiote vizuri.

Nne: muda tulionao

Saa ya kwanza ni ya hewa na damu. Aliyevunjika taya pande zote asilazwe chali; ulimi na damu vitarudi nyuma vimzibe. Kama yuko macho na shingo haina maumivu, aketi ameinama mbele damu imwagike nje. Kama amezimia, alazwe kwa ubavu, kichwa na shingo vikienda pamoja na mwili. Jino lililong'oka zima liokotwe kwa kushika sehemu ya kutafunia, liwekwe kwenye maziwa, na liende naye. Maziwa Karatu hayakosekani.

Baada ya hapo tuna siku. Uvimbe huchukua siku tano hadi saba kushuka, na mara nyingi tunaungoja. Kwa mtu mzima, kufikia wiki ya pili mfupa umeanza kushika. Mtoto hushika mapema zaidi, ndani ya wiki. Basi hesabuni safari. Kutoka zahanati hadi mjini Karatu. Kutoka Karatu hadi Arusha, takribani kilomita 145. Kutoka Arusha hadi hospitali ya KCMC, Moshi, kilomita 80 nyingine. Wengine hupewa rufaa hadi hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Ukiweka siku za kutafuta fedha, za kumngoja mjomba aliye Mang'ola kwenye vitunguu auze, na za kumjaribu mganga wa kukanda, wiki mbili zimekwisha. Taya halikandwi, ndugu zangu. Mkono wenye nguvu juu ya taya lililovunjika unaichana neva ambayo ajali iliiacha.

Kuna na habari ya PF3. Wengi huamini kwamba bila fomu ya polisi hakuna matibabu, wakaanza kituoni huku mtu anavuja damu. Aliye katika hatari anahudumiwa kwanza, fomu inafuata. Mheshimiwa Diwani, naomba hilo litangazwe kwenye kila mkutano wa kijiji. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa 2023 iwe jambo la kuzungumzwa hapa kabla ya ajali.

Hakuna wilaya inayoijua ajali kuliko hii. Tarehe 6 Mei 2017, pale Rhotia, basi la Shule ya Lucky Vincent liliingia korongoni. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walipoteza maisha. Watoto watatu waliobaki hai, wenye mivunjiko mingi, walipelekwa hadi Sioux City, Iowa, Marekani, wakatibiwa na wakarudi nyumbani mwaka uleule. Tunawashukuru wote waliofanikisha safari hiyo. Nami tangu siku ile nimekuwa nikisema, na leo nasema mbele yenu, kwamba mtoto wa Karatu aliyevunjika mifupa anastahili kutibiwa umbali ambao mama yake anaweza kuufika kwa basi.

Tano: kofia

Hapa nitakuwa mfupi, vijana. Kanuni za 2010 zilipoiruhusu bodaboda kubeba abiria, kofia ngumu iliendana na ruhusa hiyo. Kofia inayofunika utosi tu inaokoa ubongo, na hilo ni kubwa. Hailikingi taya. Inayokinga taya ni ile yenye upinde wa mbele ya kidevu, na mkanda wake lazima ufungwe, kwa sababu kofia isiyofungwa huruka kabla ya kichwa kufika chini. Abiria anayekataa kofia kwa kuogopa jasho la mwenzake avae kitambaa ndani yake. Mwambieni hivyo kabla hajapanda.

Yanayofuata

Shule ya meno ya Muhimbili ilianza 1979, na leo nchi hii inasomesha wapasuaji wa taya na uso wake yenyewe. Bado tuko wachache na wengi wetu tuko mijini. Sidhani kwamba kila wilaya itapata mmoja katika miaka michache ijayo. Lakini kufunga meno kwa waya si kazi inayomhitaji mimi. Daktari wa meno wa wilaya anaiweza, na tabibu wa meno aliyefundishwa na kusimamiwa anaiweza. Pale mjini kuna hospitali ya wilaya, kuna Hospitali ya Kilutheri, kuna FAME iliyofungua milango 2008. Ninapendekeza tuanze na mafunzo ya wiki moja kwa watu wachache kutoka hospitali hizo: fimbo za meno, waya, koleo mbili na mkasi. Gharama yake haifikii bei ya pikipiki moja. Wasiohitaji kupasuliwa watatibiwa Karatu na kulala kwao. Wanaohitaji watajulikana siku ya kwanza, na watafika Moshi wakiwa bado na siku kumi mkononi.

Kwa zahanati za Qurus ombi langu ni dogo zaidi: kwenye daftari la wagonjwa, kila aliyeumia uso aandikiwe mstari mmoja, meno yanakutana au hayakutani. Nimekuja na boksi la vijiti vya kukandamizia ulimi na fuvu la plastiki lenye meno yote. Wauguzi waje mbele kwanza wajaribu, kisha madereva, halafu tutapokea maswali.